Mpishi wa Pwani kwa Siku Tatu

Wiki ile redio ilipoanza kutangaza kwamba kuna kimbunga baharini, mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, mbali sana na bahari yoyote. Nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya vyumba sita nje kidogo ya mji wa Thika, juu ya mto Chania, mahali ambapo maji yanaporomoka kwenye mwamba na watu wa Nairobi huja Jumapili kupigwa picha. Mvua za masika zilikuwa zimetufukuzia wageni. Hakuna mtu anayetoa gari mjini aje kukanyaga matope ili aone maji, wakati maji yenyewe yanamfuata mpaka sebuleni kwake.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Sote tulimwita Shosho, kama nyanya anavyoitwa sehemu hizo, na yeye alituita kwa kazi zetu. Mimi nilikuwa Mpishi tu. Alikuwa anaanza siku yake na redio ya Kikuyu, kisha ananitafsiria habari kwa Kiswahili kana kwamba ananisomesha darasa la nne.

"Kimbunga kitafika Alhamisi," aliniambia Jumatatu asubuhi.

"Kitafika pwani, Shosho."

"Wamesema pwani na sehemu za bara. Hapa ni wapi, kama si bara?"

Siku hiyo tulijaza mitungi yote maji safi, tukahamisha makaa kwenye stoo ya juu, na yeye mwenyewe akaenda mjini akarudi na kamba mpya ya manila. Kamba ilikuwa ya kufunga jukwaa. Pale ukingoni mwa mto tulikuwa na jukwaa la mbao ambapo wageni walisimama karibu na maporomoko, na Shosho alilipenda kuliko kitu kingine chochote pale. Tulilifunga kwenye mkaratusi mkubwa, fundo juu ya fundo, na alipomaliza alilipiga teke kidogo kuona kama litatikisika.

Saa tisa hivi, tukiwa bado tumelowa, teksi iliingia kwenye lango. Alitoka msichana amevaa kofia kubwa ya ukili na miwani ya jua juu ya paji la uso, na nyuma yake kijana mrefu anayevuta sanduku la magurudumu ambalo lilikataa kabisa kuviringika kwenye matope. Mvua ilikuwa inanyunya. Nilidhani wamepotea.

"Sasa," yule msichana alisema. "Mko na chumba?"

"Ziko sita," Shosho akajibu. "Chagueni."

Jioni nilipowapelekea ndengu na chapati, habari yao ilitoka yote, maana hawakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Walikuwa wamefunga ndoa Jumamosi huko Ruiru. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea, na bwana harusi fundi wa mashine katika kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda, hapa hapa Thika. Akina mama wa kanisa walikuwa wamewapa zawadi ya siku tano katika hoteli ya pwani. Asubuhi hiyo, wakiwa tayari kwenye kituo cha treni, hoteli ikapiga simu kwamba ufuo umefungwa kwa sababu ya kimbunga na wageni wachague tarehe nyingine.

"Mimi nilisema turudi nyumbani," bwana harusi alisema.

"Turudi aje?" bibi harusi akanigeukia mimi kama hakimu. "Wametusindikiza na nyimbo. Mami ameambia kila mtu mtoto wake anaenda kuona bahari. Ameambia mpaka mwenye kuuza mboga. Kwetu hakuna mtu amewahi kuona bahari, mimi ndio wa kwanza. Sasa nirudi Jumatatu hiyo hiyo nikibeba sanduku?"

Kwa hiyo walikuwa wameamua kujificha Thika siku tano, nusu saa tu kutoka Ruiru, halafu warudi nyumbani kana kwamba wametoka pwani. Hoteli ikiwapa tarehe mpya wangeenda kimyakimya.

"Ni uongo mdogo," aliniambia. "Haumuumizi mtu."

Bwana harusi alikula chapati yake bila kuinua macho. Na mimi, lazima niseme ukweli, niliifurahia ile hadithi. Nilikuwa nimekaa majuma mawili bila mgeni, naongea na sufuria.

Kesho yake asubuhi king'ora cha zamu kililia huko Eneo la Viwanda, na kabla hakijanyamaza bwana harusi alikuwa ametoka chumbani amevaa viatu, shati halijafungwa vifungo. Alisimama kwenye veranda, akakumbuka kwamba yuko likizo, akanitazama. Sikucheka. Alikuja jikoni akachukua kisu akaanza kumenya viazi, na kuanzia hapo akawa anakuja kila asubuhi. Alimenya vizuri kuliko mimi. Ganda lilitoka moja refu kama utepe.

Saa mbili king'ora kililia tena, na wakati huo bibi harusi alikuwa kwenye veranda akiongea na mama yake kwenye simu. Tulimsikia kutoka jikoni.

"Ndio, Mami. Ndio, tulifika salama. Chumba ni kizuri. Hiyo? Hiyo ni meli."

Bwana harusi aliweka kisu chini akafunika uso kwa mikono miwili.

Shida ni kwamba redio ya Kikuyu haikuwa ya Shosho peke yake. Kufika saa sita mchana mama mtu naye alikuwa amesikia habari za kimbunga, na simu ikaanza kulia kila baada ya dakika kumi. Rudini nyumbani. Pandeni basi leo. Bibi harusi alisema hoteli imewahakikishia kwamba wako salama. Mama yake hakukubali. Alitaka kusikia kwa mtu wa pale, mtu mzima, mwenyeji. Ndipo nikaona bibi harusi anaingia jikoni, simu ameibana kifuani, macho yamemtoka.

"Mpishi, tafadhali. Ongea kama mtu wa Mombasa. Mwambie tu hakuna shida."

Mimi ni mtu wa Bungoma, magharibi kabisa. Kwa upande wa pwani sikuwa nimevuka Athi River, nje tu ya Nairobi. Lakini miaka niliyofanya kazi kwenye kantini ya kiwanda nilikuwa na mwenzangu wa kutoka Kilifi, na nilikuwa nimesikiliza michezo mingi ya redio, basi nilipangusa mikono, nikachukua simu, nikalegeza sauti.

"Shikamoo, mama yangu."

Nafikiri katika maisha yake yote pale Ruiru hakuna mtu aliyewahi kumpa shikamoo.

"Poa," alijibu mwishowe. "Wewe ni wa huko?"

"Ni wa huku huku, mama. Nimezaliwa huku, nimelelewa huku."

"Na bahali iko aje?"

"Pahari imetulia kabisa, mama."

Yeye, kwa ulimi wa Kikuyu, alisema bahali, mimi nikasema pahari, kwa sababu ulimi wa Bungoma ukikutana na b huipitisha upande, na hakuna kati yetu aliyemshtukia mwenzake. Nilimwambia kimbunga kitapita mbali, kwamba watoto wanacheza nje, kwamba vijana wake wamekula vizuri na wanapendeza. Yote hayo yalikuwa karibu na kweli. Alinishukuru sana.

"Unasikika mtu wa Mungu," alisema.

Bibi harusi alinishika mikono miwili akaniambia nimemuokoa. Jioni nilimpigia mke wangu simu nikamsimulia. Yeye alikuwa nyumbani Witeithie, tulikokuwa tumepanga chumba, na alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mimi nililala kazini nikirudi nyumbani siku za mapumziko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe siku moja utamuuzia mtu bahari," alisema, akaniuliza kama nimekula.

Jumatano mvua iliongezeka. Chania iligeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha rangi ya udongo, na sauti ya maporomoko ikapanda mpaka ukisimama jikoni ulilazimika kuinua sauti. Bibi harusi alikuwa amelala. Mimi na bwana harusi tulikuwa na karai la viazi katikati yetu wakati simu aliyokuwa amemwachia mumewe ilipolia. Alitazama jina, akapokea, akaninyooshea.

"Ni wewe anataka," alisema. "Amesema ampate mpishi."

Mama hakuwa peke yake siku hiyo. Alikuwa na akina mama wa maombi nyumbani kwake, na alikuwa amefungua sauti ya simu ili wote wasikie. Niliwasikia wakinyamazishana.

"Nasikia maji," alisema. "Hayo ni nini?"

Yalikuwa mto, bila shaka. Lakini singeweza kusema mto.

"Ni mawimbi, mama."

"Yako karibu?"

Hapo ningesema yako mbali, na mambo yangeishia hapo. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi. Sikuwa na nia mbaya. Ila nilikuwa na watu karibu kumi wananisikiliza bila kupumua, na mimi ni mtu ambaye hajawahi kusikilizwa na watu zaidi ya watatu kwa mpigo. Ulimi ukanitangulia.

"Yanapiga ukuta wa jikoni," nilisema, "lakini msijali, ukuta ni wa mawe."

Niliwasikia wakivuta pumzi.

"Jana yalibeba viti viwili. Lakini vilikuwa vya plastiki, mama. Havikuwa viti vya maana."

Nilidhani nawatuliza. Mmoja alianza kuomba kwa Kikuyu kwa sauti kubwa, wengine wakamfuata, na simu ikakatika katikati ya maombi. Nilipogeuka, bwana harusi alikuwa ameshika kiazi na kisu, hasogei.

"Mpishi," aliniuliza, "ulikuwa unamtuliza ama unamzika?"

Tulikubaliana tusimwambie bibi harusi. Hilo lilikuwa kosa la pili, na hilo tulilifanya tukiwa wawili.

Alhamisi, siku yenyewe ya kimbunga, kulikucha bila mvua na bila upepo. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miti, na yalikuwa na rangi ya manjano kidogo, kama jipu. Shosho alivaa gambuti akaketi kwenye veranda na redio mapajani. Kuku hawakutoka. Sisi tulianza kuhamisha magodoro kutoka vyumba viwili vya chini vilivyokuwa karibu na mto, na kila mara mmoja wetu alisimama akasikiliza, ingawa hatukujua kimbunga kinasikika vipi kikikaribia.

Nilikuwa nimebeba godoro kichwani bibi harusi alipotoka chumbani na simu mkononi.

"Mami ameandika," alisema. "Anko amechukua van ya kanisa. Wako petroli Ruiru wanaweka mafuta. Wanakuja Mombasa."

"Kufanya nini?" mumewe akamuuliza.

"Kutuchukua. Yeye na Mami na watu wa maombi, watu kumi. Ati mawimbi yameingia jikoni." Akasimama. "Nani alisema mawimbi yameingia jikoni?"

Bwana harusi alinitazama. Mimi nilikuwa chini ya godoro, na kwa sekunde moja nilitamani kubaki huko.

"Ni mimi," nikasema. "Sikusema yameingia. Nilisema yanapiga ukuta."

Hakupaza sauti. Nilishusha godoro, naye akaketi juu yake pale pale kwenye veranda, kofia yake ya pwani ikiwa msumarini nyuma yake. Barabara ya kwenda pwani ni ndefu, na wiki ile redio ilikuwa ikitaja kila saa mahali ambapo maji yamepita juu ya lami.

"Watu kumi wataenda kufa barabarani," alisema, "kwa sababu mimi niliona haya kurudi nyumbani."

"Piga simu," mumewe alimwambia.

Alijaribu. Simu ikamponyoka ikaanguka kwenye godoro. Ndipo yule kijana, ambaye kwa siku tatu nilimwona kama mtu wa kumenya viazi tu, akaiokota, akapiga yeye, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Mami, ni mimi. Simamisheni gari. Tuko Thika."

Sauti ya mama ilitufikia sote. "Thika gani?"

"Thika hii."

"Thika kuna bahali?"

"Hakuna bahari, Mami. Ni mto. Hatukuenda. Hoteli ilifunga, tukaona aibu kurudi, tukadanganya. Si yeye peke yake, ni sisi wawili."

Tulisikia injini ya van, na mtu akiuliza kuna nini. Nilinyoosha mkono nipewe simu, nikiri sehemu yangu, lakini bwana harusi alitikisa kichwa.

"Mko wapi hapo Thika?" mama aliuliza. Alielekezwa. Akakata bila kusema neno lingine.

Kuanzia hapo sikukingoja kimbunga tena. Niliingoja ile van. Shosho, aliyekuwa amesikia kila kitu kutoka kwenye kiti chake, alizima redio akaniambia niongeze unga, maana watu kumi wanaokuja na hasira hula kuliko watu ishirini wenye furaha.

Waliingia saa saba, na mvua nyuma yao. Mama mtu alishuka wa kwanza, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na kilemba cha kanisa. Bibi harusi alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa amejitayarishia maneno, nilimsikia akiyafanyia mazoezi, lakini hayakutoka. Mama yake alimfikia, akamshika mabega, akashuka na mikono yake yote miwili mpaka vidoleni, polepole, kama anayepapasa kuona kama mtoto amelowa. Msichana akalia. Mama hakumfokea. Alimwachia, akapita kati yetu, akaingia jikoni.

Nikamfuata. Ningefanya nini tena?

"Ni wewe ulisema mawimbi?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ni wa pwani?"

"Mimi ni wa Bungoma."

"Umewahi kuona bahali?"

"Hapana, mama. Bado."

Alivuta kigoda changu akakalia. Kwa karibu alikuwa mtu mzima kuliko sauti yake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi sijalala," alisema. "Nikifunga macho naona mtoto wangu chini ya maji. Na ule ukuta ulioniambia, nimeuona pia. Nimeuona ukianguka. Viti vya plastiki nimeviona vikielea. Wewe uliviongea tu, lakini mimi nilivibeba usiku kucha."

Niliomba msamaha. Nilitaka kueleza kwamba nilikuwa najaribu kusaidia, lakini maneno hayo yalipofika mdomoni niliyaona jinsi yalivyo, nikayarudisha. Niliomba msamaha tu. Nje akina mama wa maombi walikuwa wanasalimiana na Shosho kama watu waliokuja harusini, kwa sababu mmoja wao, ilibainika, alikuwa amesoma kwake.

"Hiyo shikamoo," mama aliniuliza, "mtu anajibu nini?"

"Marahaba."

"Marahaba," alirudia, kama anayeonja chumvi. Kisha akatazama unga wangu kwenye meza. "Umeweka maji mengi. Lete hapa."

Alikunja mikono ya koti, akaosha mikono, akaukanda ule unga upya. Tulipika chapati sisi wawili mpaka saa tisa na nusu bila kuongea mengi. Alinisahihisha mara nne. Kila mara alikuwa sahihi.

Upepo ulikuja tukiwa tunakula. Kwanza mlango wa nyuma ulijifunga kwa kishindo, kisha mabati yakaanza kupiga kelele yote kwa pamoja, na mvua ikapita dirishani ikienda kando badala ya kushuka. Shosho alisimama mbele ya chumba cha kulia akasema kwa sauti ambayo lazima iliwahi kutuliza watoto mia nne kwenye gwaride.

"Kila mtu aketi. Hakuna mtu kwenda dirishani."

Wote waliketi, hata yule mjomba dereva, mtu mwenye mwili wa jokofu. Akina mama walianza wimbo, na katikati ya ubeti tulisikia mto. Haikuwa ile ngurumo tuliyoizoea. Ilikuwa sauti ya vitu vinavyogongana ndani ya maji, mawe au magogo. Mkaratusi mkubwa uliinama, ukarudi, ukainama tena. Tukiwa tumekaa pale pale tuliweza kuona, kupitia mlango wa kioo, maji ya rangi ya matofali yakipanda juu ya jukwaa, kwanza kama kitambaa kinachotandazwa, kisha hatukuona mbao tena. Jukwaa liliinuka upande mmoja. Lilining'inia kwenye kamba kwa muda ambao naamini ulikuwa dakika nzima, likivutwa na mto huku mti ukilikatalia, halafu likapasuka katikati. Nusu ikaenda. Nusu ya pili ikageuka mara moja kama samaki, nayo ikaenda.

Wimbo ulikuwa umekatika.

"Kamba haikukatika," Shosho alisema. "Kamba iko sawa."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa bado kwenye mti, na kipande cha mbao mwishoni. Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kujizuia, na mabega yake yalipoanza kutikisika Shosho mwenyewe alishindwa, na baada ya hapo tulicheka wote, bibi harusi na mama yake wakiwa wameegemeana. Upepo ule haukuchukua nusu saa. Ulibeba paa la banda la kuku, ukaangusha miti miwili ya jirani, na ukaondoka. Kuku wote walipatikana kwenye bafu la chumba namba nne, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza.

Kama kile kilikuwa kimbunga au la, sijui mpaka leo. Redio ilisema baadaye kwamba kilipungua nguvu baharini kabla ya kufika, na kwamba mvua yetu ilikuwa mvua yetu tu. Shosho anashikilia kwamba ule ulikuwa mkia wake. Bwana harusi alisema kila mwaka mwezi ule Thika huwa na upepo, na kwamba mwaka huo tulikuwa tunausikiliza, basi.

Van haikuweza kutoka jioni ile. Magurudumu yalizama kwenye matope ya langoni, na watu kumi na wawili wakagawana vyumba sita, viwili kati yake bila magodoro, na ile van. Shosho aligawa kwa haki ya kiualimu, wanawake huku na wanaume kule, bila kujali nani amefunga ndoa lini. Mama alilala na bintiye. Bwana harusi alilala kwenye van na mjomba wa mkewe, na asubuhi alishuka shingo imepinda upande wa kulia, akaja moja kwa moja jikoni akauliza viazi viko wapi.

Waliondoka Ijumaa saa nne, baada ya sisi wanaume kusukuma van na kupakwa matope mpaka kwenye nyusi. Jua lilikuwa limetoka. Bibi harusi alinikumbatia na kuniambia nisiwe napokea simu za watu. Mama yake alinipa mkono kutoka dirishani, akaniambia chapati zangu sasa ni nzuri, ila nipunguze maji.

Bwana harusi hupita pale mara moja moja akitoka kazini, na ndiye aliyeniambia yaliyofuata. Jumapili ile mama mkwe wake alisimama kanisani kabla mtu yeyote hajauliza, akasema watoto walikuwa Thika, kwamba waliona haya, na kwamba yeye ndiye aliyejisifu mpaka wakaogopa kurudi. Watu walicheka, mchungaji akacheka, na ile aibu ambayo bibi harusi alikuwa ameikimbia kwa siku tano ikaisha kabla ya matangazo. Mwezi wa nane hoteli iliwapa tarehe yao na wakaenda. Yule mama alienda pamoja nao. Bwana harusi aliniambia hilo bila kulalamika, huku akitazama mto.

Mimi nilirudi nyumbani Jumamosi. Witeithie upepo ulikuwa umepita pia, na jirani yetu alikuwa amepoteza mabati matatu, kwa hiyo nilishinda juu ya paa nikigongelea misumari huku mke wangu akinipitishia kutoka chini. Nilimsimulia kila kitu kutoka huko juu, na wapangaji wa ploti nzima wakasikia. Nilipomaliza aliniuliza kama hayo maporomoko ni makubwa kweli au hilo nalo nimeongeza. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimefanya kazi pale miaka miwili na sikuwahi kumpeleka.

Jumapili iliyofuata tulienda. Alivaa gauni lake la kanisa na viatu vya mpira. Tulisimama ukingoni, karibu na mahali jukwaa lilipokuwa, na maji yalikuwa yameanza kurudia rangi yake. Alitazama kwa muda, mikono ameikunja.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini yana baridi. Hebu nionyeshe jiko lako."